Nyumba Iko Wapi? Safari ya Bao Kuingia Kompyutani

Simu ya Nokia 3310 ilipotoka mwaka 2000 ilikuja na mchezo wa nyoka ambao kila mtu anaukumbuka, na pembeni yake mchezo mwingine ulioitwa Bantumi. Mashimo sita kwako, sita kwa mwenzako, ghala moja kila upande, na kete za kutawanya. Sisi vijana wa Ng'ambo, Unguja, tuliucheza mpaka betri ikakata. Baba yangu alikuwa seremala, na miongoni mwa kazi zake alichonga mabao ya mvule na ya mninga. Nilimwonyesha ile skrini ndogo. Akaitazama kwa makini, akauliza: "Nyumba iko wapi?"

Nyumba haikuwemo. Na kwa mchezaji wa Bao la Kiswahili, bao lisilo na nyumba ni mchezo mwingine kabisa. Baadaye nikawa mwalimu wa kompyuta, na swali la baba likanifanya nifuatilie namna michezo ya kete ilivyoingizwa kwenye mashine: nani waliiingiza, kwa zana gani, na kwa nini michezo midogo ya jamii hii ilitangulia kwa miongo kadhaa huku bao letu likibaki nje. Waswahili wengi hawajasimuliwa historia hii, na inawahusu.

Bantumi ni Kalah iliyobadilishwa jina. Kalah yenyewe ilibuniwa na Mmarekani, William Julius Champion, mnamo 1940, akiitoa katika ukoo mkongwe wa michezo ya kutawanya kete ya Afrika na Asia na kuirahisisha ili iuzike madukani. Safu moja tu kwa kila mchezaji. Hakuna kuokota na kuendelea raundi baada ya raundi. Kete ya mwisho ikitua, zamu kwa kawaida imekwisha, ila ikitua ghalani kwako unacheza tena. Mtoto anaielewa kabla chai haijapoa.

Urahisi huo ndio uliowavutia watu wa kompyuta. Walikuwa wakitafuta mchezo mgumu kiasi cha kuipa mashine kazi ya kufikiri, lakini si mgumu kama sataranji. Mwaka 1964 Richard Russell wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika ripoti juu ya programu yake ya kucheza Kalah, katika mradi wa akili mnemba wa chuo hicho. Mwaka 1968 A. G. Bell akaeleza jinsi Kalah ilivyochezwa kwenye Atlas, mojawapo ya kompyuta kubwa za Uingereza za enzi hizo. Kwa hiyo wakati wazee wetu wanacheza namua na mtaji, awamu mbili za bao, barazani miaka ya sitini, binamu wa mbali wa bao alikuwa tayari ndani ya mashine huko California na Uingereza.

Programu hizo za mwanzo zilikuwa na tabia moja. Kanuni za mchezo hazikuandikwa mahali pake peke yake. Zilichanganywa na kila kitu kingine, namna ya kuhesabu, namna ya kutafuta hatua nzuri, namna ya kuonyesha matokeo. Ukitaka kubadili kanuni moja unafumua programu nzima. Kila mchezo ulihitaji fundi wake, na fundi alichagua mchezo anaoujua au ulio mfupi. Bao halikuwa na bahati kwa vigezo vyote viwili.

Kisha wataalamu wakaendelea hadi mwisho wa njia. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walichapisha ufumbuzi wa Kalah: katika bao la mashimo sita lenye kete nne kila shimo, anayeanza hushinda kama hakosei. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam wakaufumbua mchezo wa Awari, wa ukoo huohuo, unaotoka Afrika Magharibi. Walitumia prosesa 144, kwa saa 51, wakapitia hali 889,063,398,406 za mchezo. Jibu: wakicheza wote bila kosa, ni sare. Ninaheshimu sana kazi ile. Idadi hiyo ni kubwa kuliko chochote ambacho binadamu angeweza kukipitia kwa mkono, na kazi iliendeshwa kwa nidhamu ya ajabu.

Bao la Kiswahili halijafumbuliwa hata leo. Inafaa nieleze kwa nini, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwetu kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mchezo hauanzi kete zote zikiwa mashimoni. Unaweka sita katika nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 zinabaki mkononi. Awamu ya kwanza ni namua: kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi. Ukiitia katika shimo lako la mbele lenye kete, na la mwenzako linalolikabili lina kete, unakula. Ulizokula hurudi upande wako, ukaanza kuzitawanya kutoka kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia au kushoto kwa hiari yako. Lakini ukila kwenye kichwa chenyewe au kwenye kimbi, shimo linalofuata kichwa, hiari imekwisha: lazima uanzie kichwa cha upande huo. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete na pana cha kula, unakula tena. Pasipo cha kula, unaokota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, unalala.

Hapo bado hatujafika penye nyumba. Ukiwa katika namua, unatawanya ulichokula, na kete yako ya mwisho inaangukia nyumba yako yenye kete sita au zaidi, unaweza kulala hapo na kuitunza, au unaweza kusafiri, ukaivunja na kuzimwaga kete zake zote. Uamuzi huo hufanywa katikati ya zamu, baada ya mkono kuwa umeshazunguka. Na kama huna cha kula, unatakasa tu, basi nyumba ina kanuni nyingine: mkono ukifika hapo unakoma. Kama huna shimo jingine la kutakasia isipokuwa nyumba, unaongeza kete yako halafu unatoa mbili tu. Kete za mkononi zikiisha, awamu ya mtaji inaanza. Sasa unaanzia shimo lenye kete mbili hadi 15, si zaidi, ukitafuta mwisho wa mkono uangukie penye kula. Anayebaki bila kete safu ya mbele ameshindwa: hamna.

Mtu wa kompyuta akisoma hayo anaona jambo ambalo mchezaji hahitaji kuliona. Ukipiga picha ya Kalah, ukaambiwa ni zamu ya nani, unajua kila kitu. Ukipiga picha ya bao, hujui. Nyumba ile yenye kete saba, je, bado ni nyumba, au ilishavunjwa zamani na sasa ni shimo kama mashimo mengine, limejaa tu? Mbao hazisemi. Baba alilichonga shimo la mraba kwa patasi, na mraba unabaki mraba hata baada ya nyumba kufa. Wanaojua ni wawili waliocheza na kundi lililowazunguka. Kwa hiyo programu ya bao lazima itunze kumbukumbu ambayo ubao wenyewe hauna: awamu, kete za mkononi, uhai wa nyumba ya kila mchezaji, na kama kuna shimo lililotakasiwa.

Na kutakasia ndiko kunakowavunja vichwa. Kwa maneno machache: nikitakasa, na katika hali niliyoiacha wewe huna cha kula, huku shimo lako moja tu la mbele ndilo ninaloweza kulila zamu ijayo, basi limetakasiwa; huruhusiwi kulikimbiza kwa kulichezesha, isipokuwa kwa masharti fulani, mojawapo likiwa kwamba shimo hilo ni nyumba. Angalia kinachotakiwa hapa. Ili mashine ijue unaruhusiwa kucheza nini sasa, ni lazima kwanza icheze akilini kila hatua ninayoweza kuifanya mimi zamu ijayo. Kanuni inatazama mbele. Katika sataranji kuna kitu kinachokaribia, kwamba mfalme hawezi kuachwa hatarini, lakini pale unatazama hatua moja fupi ya kipande kimoja. Hapa kila hatua inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa, tena mtunzi wa programu lazima aweke kikomo cha mizunguko, kwa sababu katika michezo ya kuokota na kuendelea mkono unaweza kukataa kulala.

Haya yote yalikuwa vichwani mwa watu. Maandishi ya mapema yapo, kama kitabu cha mwaka 1931 cha afisa wa Kiingereza W. H. Ingrams juu ya Zanzibar, historia yake na watu wake, ambamo alieleza michezo ya bao aliyoikuta visiwani. Lakini maelezo ya msafiri au afisa hayatoshi kuiendesha mashine. Aliyekaa chini na mabingwa wa Zanzibar, akawauliza kanuni moja moja na kupima wanavyofikiri, ni Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995 inahusu umahiri katika bao. Donkers na Uiterwijk wa Maastricht, walewale wa Kalah, wakaandika baadaye juu ya kulitungia bao programu.

Tazama ramani hiyo: Leiden na Maastricht. Njia ya bao kuelekea kompyutani ilipita Uholanzi. Silaumu; nawashukuru. Walikuja wakauliza, na mabingwa wetu wakajibu kwa ukarimu. Lakini kinachoniuma ni kwamba vyuo vya mwambao vilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na mabingwa waliishi mtaa wa pili.

Wakati huo zana zenyewe zilikuwa zikibadilika. Badala ya kutunga programu ya mchezo mmoja, watu walianza kutunga programu inayosoma kanuni za mchezo wowote. Mwaka 1998 Jeff Mallett na Mark Lefler walitoa Zillions of Games kwa kompyuta za Windows. Ulinunua programu moja, kisha ukaandika faili ya maandishi ya kawaida yenye kueleza ubao, vipande na hatua halali, na programu ikaanza kucheza dhidi yako bila kuwa imewahi kuuona mchezo huo. Mpenzi wa michezo asiye mwanasayansi aliweza kukaa nyumbani akauingiza mchezo wa kwao. Zana ile ilifikiriwa zaidi kwa michezo ambayo kipande hutoka mraba huu kwenda ule. Kutawanya kete kulihitaji ujanja mwingi.

Stanford nao, chini ya Michael Genesereth, mwaka 2005 walianzisha mashindano ya programu zinazopewa kanuni za mchezo wasioujua na kuambiwa cheza. Lugha yao ya kuandikia kanuni ilikuwa safi sana, ya mantiki tupu, safi kiasi kwamba haikujua hesabu. Haikujua kwamba baada ya moja ni mbili. Ukitaka kuhesabu kete, unaandika wewe mwenyewe: moja inafuata sifuri, mbili inafuata moja, tatu inafuata mbili. Kwa bao unaendelea hivyo mpaka 64, halafu ndipo uanze kueleza kutawanya. Mwanamantiki ataifurahia. Mcheza bao ataona kwamba lugha ile ilizaliwa mbali na kete.

Iliyoleta mabadiliko makubwa ni Ludii. Cameron Browne alianzisha mradi huko Maastricht mwaka 2018, kwa fedha za Baraza la Utafiti la Ulaya, ukaendelea kwa miaka mitano, akiwa na wenzake wa kompyuta pamoja na mwanaakiolojia Walter Crist. Lengo lao lilikuwa kuirudisha michezo ya jadi ya dunia, ya kale na ya leo, katika mfumo mmoja. Idadi ya michezo iliyomo imepita 1,000, na ndani yake limo Bao la Kiswahili.

Nilipoifungua kwa mara ya kwanza sikuanza kwa kucheza. Nilifungua faili ya kanuni. Ni maandishi matupu, mabano ndani ya mabano: wachezaji wangapi, vifaa gani, mwanzo unapangwaje, hatua zipi halali, mwisho ni upi. Kutawanya ni neno moja lililomo tayari katika lugha hiyo. Unataja tu njia ambayo kete inapita, inaanzia wapi, na kinachotokea ya mwisho ikianguka. Watu waliotunga zana ile walikwisha kukubali kwamba michezo ya kete ni sehemu kamili ya urithi wa dunia, haibandikwi ukutani kama nyongeza. Kwa mtoto wa fundi wa mabao, hilo si dogo. Programu yenyewe hupatikana bure, na mtu yeyote anaweza kunakili faili ya kanuni, akabadili mstari mmoja, akaona mchezo umebadilikaje.

Ipo njia nyingine iliyochukuliwa na wapenzi wa michezo, na naiona ina hekima ambayo wataalamu hawakuitazama vya kutosha. Marekani kulikuwa na mchezo wa vita wa mezani uitwao Advanced Squad Leader, uliochapishwa mwaka 1985 na kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore. Kanuni zake zilijaza jalada zima la pete. Kuziingiza zote kwenye programu ingekuwa kazi ya miaka, na wachezaji wake walitawanyika, mmoja mji huu, mwingine jimbo lile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rodney Kinney akatengeneza programu ambayo haikujua kanuni hata moja. Iliweka ramani kwenye skrini, vipande juu yake, na waya wa intaneti kati ya watu wawili. Unasogeza kipande chako kwa kipanya, mwenzako anakiona kimesogea. Kama umekwenda kinyume cha kanuni, ni yeye atakayekuambia. Baadaye aliipanua iwe chombo cha mchezo wowote, ikaitwa VASSAL. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Atakaye kuingiza mchezo humo huhitaji picha ya ubao, picha za vipande, na maelekezo machache ya nini kinasogezwa wapi. Tabletop Simulator, iliyotolewa rasmi mwaka 2015, ilifuata njia hiyohiyo kwa meza ya pande tatu ambayo vitu huanguka na kubingirika kama vilivyo.

Ukifikiri vizuri, meza isiyojua kanuni ndiyo inayofanana zaidi na baraza. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ubao haumkatazi mtu kitu. Mkono ukikosea, watu watano wanasema kwa pamoja, "Rudisha!" Kanuni inakaa kwa watu, na kwa kuwa inakaa kwa watu, inaweza kujadiliwa, kurekebishwa na kufundishwa papo hapo. Faida nyingine: ubao wa 32 na kete 64 si wa Waswahili peke yetu. Omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda zina mashimo hayohayo na kete hizohizo, ila kanuni zinatofautiana. Meza moja ya aina ya VASSAL ingewatosha watu wa nchi zote hizo, kila mtu na kanuni zake. Na Mzanzibari aliyeko Muskat angeweza kucheza na nduguye aliyeko Unguja bila ya kusubiri mtaalamu alimalize tatizo la kutakasia.

Lakini nasema kwa dhati kwamba kwa bao njia hiyo haitoshi. Mchezo wa vita husogeza kipande kimoja kimoja. Bao ni mkono. Fundi wa bao huokota kete kumi na moja na kuzimwaga bila kuangalia, kwa mwendo ambao sikio linaujua. Kuburuta kete moja baada ya moja kwa kipanya, raundi tatu za ubao, huua mchezo, na wachezaji wawili wakweli watachoka kabla namua haijafika nusu. Bao linahitaji zana inayotawanya yenyewe, yaani inayojua sehemu fulani ya kanuni, na inayowaachia watu sehemu nyingine. Chombo cha namna hiyo, kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya bao, ndicho ningependa kukiona kuliko programu yoyote ya kumshinda bingwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo programu nyingi za kete hulifanya, nalo linanikera: kuandika idadi ya kete juu ya kila shimo. Barazani hakuna kuhesabu kwa kidole. Jicho hujifunza kuona tisa kwa rundo lake, na bingwa hutofautishwa na mwanafunzi hapohapo. Tarakimu zikishakaa juu ya mashimo, ustadi huo haupati mahali pa kuota. Kijana anayejifunza kwenye simu atakuja barazani akiwa hodari wa hesabu na kipofu wa kete. Kizime kile kitufe, kama kipo.

Nilichukua ile faili ya Ludii ya kanuni za bao, nikaitafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kiswahili cha kawaida, nikaenda kuwasomea wazee wa baraza ya mtaa wetu. Mwanzo, namua, kula, kichwa na kimbi, walikubali bila neno. Mmoja akatikisa kichwa kwa furaha kusikia kwamba Wazungu wameandika kimbi. Tulipofika kwenye kutakasia, baraza ikagawanyika. Mzee mmoja, aliyejifunzia Pemba, alishika msimamo wake juu ya ni lini shimo huhesabiwa limetakasiwa. Mwenzake akasema kwao haikuwa hivyo.

"Sasa, Maalim," akaniambia yule wa kwanza, "hiyo kompyuta yako imeandika la nani?"

Nikamjibu: imeandika la yule aliyeulizwa.

"Basi na sisi tuulizwe, mwanangu."

Tukakaa. Niliandika toleo lake, nikaandika na la mwenzake, kila moja faili yake, jina la mahali lilikotoka likiwa juu. Zana za zamani zisingeruhusu hilo. Russell wa 1964 angelazimika kuchagua moja, na lile jingine likapotea kwa watu wa kompyuta milele. Leo tofauti kati ya bao la mzee huyu na la mzee yule ni mistari michache ya maandishi, na yote mawili yanaweza kuchezwa, kulinganishwa, na kurithishwa. Hii ndiyo faida kuu ya zana za kizazi hiki, na ninaamini ni kubwa kuliko ufumbuzi wa Awari. Kuufumbua mchezo kunatuambia nani angeshinda kama sote tungekuwa wakamilifu. Kuandika kanuni za kila baraza kunatuhifadhia watu walivyocheza kweli.

Muda si mwingi. Wanaoyajua masharti yote ya kutakasia kwa moyo ni watu wazima sana, na barazani wengi wameanza kuhamia dhumna na karata, ambazo mgeni huzielewa haraka. Sheria za bao zilizomo vitabuni na kompyutani leo zimetoka kwa mabingwa wachache wa mahali pachache. Za Lamu, za Mafia, za Tanga, za Kilwa, za Bagamoyo, nani ameziandika kwa ukamilifu unaotosha mashine kuzifuata?

Kwa hiyo nawaomba vijana wanaosoma kompyuta Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na popote penye baraza: mradi wenu wa mwisho wa mwaka usiwe tena mfumo wa kusajili wanafunzi. Nunueni kahawa na kashata, mkae na mzee mmoja anayejua bao, mwandike kanuni zake kwa Kiswahili, neno kwa neno, mkiuliza kila mara, "Na kama hakuna cha kula?" "Na kama nyumba imeshavunjwa?" Andikeni jina la mahali na mwaka. Kisha ndipo mgeuze maneno hayo kuwa faili ya Ludii au ya zana yoyote mtakayoipenda. Na mkimaliza, rudini kwake na simu mkononi, mcheze naye juu ya kanuni zake mwenyewe, mpaka aseme ni bao.